Maji ya refa yatoke chamani: barua ya wazi kwa viongozi wa soka wa mikoa ya pwani

Shikamooni viongozi wetu.

Nawaandikia nyie wenyeviti, makatibu na wajumbe wa kamati za waamuzi kwenye mikoa na wilaya za ukanda wetu wa pwani, kuanzia Tanga mpaka Mtwara na wenzetu wa visiwani. Simlengi mtu wala chama kimoja, maana ninachosema nimekikuta karibu kila uwanja niliowahi kupuliza filimbi, ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, mashindano ya shule mpaka ndondo za mtaani. Nataka tuongee kuhusu jasho la refa. Najua wapo watakaosema jasho nalo ni kitu cha kuandikia barua, si kila mtu anatoka jasho, lakini naomba mnisikilize mpaka mwisho kwasababu kuna maamuzi mengi mabovu yanayofika mezani kwenu kama malalamiko ambayo chanzo chake sio rushwa wala kutojua sheria, ni binadamu aliyeishiwa maji mwilini anatakiwa aone ofsaidi ya nusu hatua.

Wenzetu wa Mbeya na Njombe nao wanakimbia na wanatoka jasho, ila la kwao linakauka. Huku kwetu kuanzia Disemba mpaka Machi, kipindi cha kaskazi, joto la mchana linacheza nyuzi 31 mpaka 33 na hewa imejaa unyevu wa bahari, afu hapo ndo shida inapoanza, maana mwili haupozwi na jasho kutoka, unapozwa na jasho kukauka juu ya ngozi. Jasho linalochuruzika mpaka kwenye soksi halijakupoza chochote, umepoteza maji na chumvi bure na joto limebaki ndani. Mtu anaekimbia kwenye hali kama hiyo anaweza kupoteza lita 1 mpaka 2 kwa saa moja, na refa wa kati kwenye mechi ya ushindani anakimbia kilomita 10 mpaka 12. Chukua refa wa kilo 70, akishapoteza kilo moja na nusu tu ameshavuka asilimia 2 ya uzito wake, na kuanzia hapo nguvu zinapungua, moyo unaenda mbio kuliko kawaida, na umakini unaanza kuondoka polepole bila mwenyewe kujua. Mara nyingi inakuwa ni dakika ya 70 na kuendelea, yaani pale pale mechi inapoamuliwa.

Afu mchezaji akichoka anabadilishwa. Refa habadilishwi, labda aanguke.

Niwaambie jasho linafanyaje kazi yetu kwa vitendo maana wengi wenu mnatuona mkiwa jukwaani kivulini. La kwanza ni macho. Jasho likishashuka kwenye nyusi likaingia jichoni linachoma kwa chumvi, unapepesa, na kile kitendo cha kupepesa ndo sekunde ambayo beki amemvuta mtu jezi. Mwamuzi msaidizi anaetazama upande wa magharibi saa kumi na moja jioni ana jua usoni na chumvi machoni, na mikono yote ina kazi, huwezi kufuta uso na bega wakati unakimbia pembeni sambamba na beki wa mwisho. Baadhi yetu tunapaka mafuta ya mgando kidogo juu ya nyusi ili jasho lipite pembeni, inasaidia kama umepaka kidogo, ukizidisha yanayeyuka na kukuingia machoni. Bendi ya kitambaa ya mkononi inasaidia zaidi, unafuta kipaji bila kusimama, na sheria haikatazi.

Kibendera nacho kinateleza. Mpini wa plastiki kwenye kiganja kilicholowa unazunguka wenyewe, unanyanyua kuonyesha ofsaidi kitambaa kinajikunja hakionekani, kuna wakati kinachomoka kabisa mkononi kinaenda kwenye kona. Dawa yake ni utepe ule wa kuzungushia mpini wa raketi, lakini vibendera tunavyopewa ni vile vile vilivyozeeka, vingine mpini ni kipande cha bomba.

Kidaftari sasa. Kuna mwenzangu kwenye mechi ya ligi ya mkoa aliandika kadi ya njano ya jezi namba 16, kwa peni ya kawaida, akarudisha karatasi kwenye mfuko wa bukta iliyolowa chapachapa. Kipindi cha pili anaichomoa imeshikana na nyingine, wino umesambaa, na namba 10 wa timu hiyo hiyo ndo kafanya faulo ya kustahili kadi. Sasa yule aliyeandikwa kwanza ni 10 au 16? Mwamuzi wa akiba hakupangwa siku hiyo. Wakakaa pembeni na wasaidizi wake kuulizana, mchezo umesimama, jukwaani wanaimba mwizi mwizi, na yule kijana alikuwa amesimama pale anatweta, jezi nyeusi imechora mistari myeupe ya chumvi kifuani na mgongoni, karatasi anaigeuza geuza kwenye mwanga kama itajisoma. Walimaliza salama, lakini angepewa penseli na kadi ngumu ya kuandikia kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu lile lisingetokea. Penseli inaandika hata kwenye karatasi yenye unyevu. Na hata filimbi, zile za zamani zenye kipira cha koki ndani zikilowa kipira kinagoma, unapuliza inatoka hewa tupu, ndo maana zikatengenezwa zile zisizo na kipira, na aliyezianzisha, Ron Foxcroft, alikuwa mwenyewe refa wa kikapu kule Kanada.

Haya yote refa anaweza kujitahidi mwenyewe. Kinachonifanya niandike ni maji.

Viongozi, refa wetu anakunywa maji ya nani? Timu zote mbili zina ndoo zao, machupa yao, wengine na mabegi ya barafu. Mchezaji akiumia dakika ya 20 daktari anaingia na wachezaji wote wanakimbilia pembeni kunywa. Refa anabaki katikati amesimama. Akienda benchi la wenyeji kuomba chupa, wageni wanapiga kelele kanunuliwa. Akienda kwa wageni, ndo kabisa, watu wa nyumbani wanamsubiri getini. Hata chupa ambayo haijafunguliwa ina maneno, nimeshasikia shabiki anasema refa kawekewa kitu kwenye maji, na mwingine anasema zile ni maji ya bahasha. Na kweli, tukubaliane, refa hatakiwi kupokea kitu kutoka kwa timu, nyie wenyewe ndo mnatufundisha hivyo kwenye semina na mko sahihi. Lakini sasa mmemkataza kupokea, na nyie hamjampa. Mechi nyingi za ngazi za chini wenyeji ndo wanatakiwa kuandaa maji ya waamuzi, wakikumbuka wanaleta, wakikasirika na uteuzi wa refa hawaleti, na wengine wanaleta kwa makusudi ya kumlainisha. Kwahiyo kiu ya refa imekuwa mlango wa kumshawishi au fimbo ya kumuadhibu, na yote mawili yanawahusu nyie kwasababu nyie ndo mnalinda heshima ya mashindano.

Tunachofanya tunabeba ya kwetu, tunanunua njiani, chupa moja imepata moto kwenye begi la bodaboda, tunaificha nyuma ya goli au tunamuachia mtoto anaeokota mipira, unarudi haftaimu imeshanywewa. Waamuzi wa kike ndo wanapata tabu zaidi, wapo wanaopunguza kunywa kabisa toka asubuhi kwasababu uwanjani hakuna choo cha kwenda wala chumba cha kubadilishia, wanabadilishia darasani au nyuma ya gari. Mtu ameanza mechi tayari amekauka.

Naomba kamishna wa mchezo ndo aje na maji ya waamuzi, yametoka chamani, yamefungwa, mbele ya manahodha wote wawili kama ikibidi. Katoni moja ya maji, pakiti chache za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji), na kipozeo kimoja chenye barafu. Miji yetu ya pwani barafu sio kitu cha kutafuta, wauza samaki wanayo kila siku. Na chupa ziwekwe sehemu nne zinazojulikana, pembeni ya nguzo za magoli na kwenye mistari ya wasaidizi, ili mpira ukitoka refa anapiga mafunda mawili anaendelea.

Kwanini ORS na sio maji matupu? Kwasababu jasho linatoka na chumvi, zile alama nyeupe kwenye jezi ndo chumvi yenyewe. Mtu akitoka jasho masaa mawili afu akanywa maji matupu mengi mno kwa fujo anaweza kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa kwa kupungukiwa chumvi kwenye damu, na watu wakadhani bado ana kiu wakazidi kumpa. Kama pakiti hazipo inatengenezwa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi, usizidishe chumvi. Madafu ni mazuri na tunayo, ila yana chumvi kidogo ukilinganisha na inayopotea kwenye jasho, kwahiyo ni nyongeza. Hizi enaji tunazoletewa haftaimu kama heshima naomba ziachwe, sukari tele na kafeini kwa mtu ambae moyo wake tayari unaenda mbio, za nini.

Nisiwe nasemea hewani, yapo yaliyotokea dunia nzima ikaona. Tarehe 12 Januari 2022 kule Limbe, Kameruni, kwenye AFCON, kombe la mataifa ya Afrika, Mali na Tunisia, mechi ilianza saa nane mchana pembeni ya bahari. Refa Janny Sikazwe wa Zambia alipuliza filimbi ya mwisho dakika ya 85, akarudishwa, akapuliza tena kabla dakika 90 hazijatimia, Mali wakiwa mbele 1-0. Dunia nzima ilimcheka na kumtukana siku ile, na wengine wakasema kahongwa. Baadae ikajulikana alipigwa na joto, akapelekwa hospitali, na mwenyewe akaeleza kwamba alikuwa anakunywa maji lakini hayamkati kiu, na madaktari walimwambia mwili wake ulikuwa haupoi tena. Huyo sio refa anaejifunza kazi, mwaka ule ule mwezi wa Novemba alichezesha Kombe la Dunia Qatar. Sasa fikirieni refa wa wilaya, hana vifaa vya mawasiliano, hana daktari, kashinda njaa, joto limemchukua akili dakika ya 80, nani atajua? Ataandikiwa barua ya kufungiwa.

Na sio refa wa kati tu. Juni 25, 2024 kwenye Copa America, kombe la mataifa ya Amerika, Peru na Kanada kule Kansas City, mwamuzi msaidizi Humberto Panjoj wa Guatemala alianguka pale pale kwenye mstari kipindi cha kwanza kinaelekea kuisha, golikipa wa Kanada ndo akakimbia kuita msaada. Kwahiyo ile dhana kwamba mshika kibendera hachoki kwasababu anakimbia nusu ya uwanja tuiache.

Mtaniambia sheria hairuhusu kusimamisha mchezo hovyo. Inaruhusu. Sheria namba 7 imetaja mapumziko ya kunywa maji yasiyozidi dakika 1, na mapumziko ya kupoza mwili ya sekunde 90 mpaka dakika 3, muda unafidiwa mwisho wa kipindi. Sharti ni moja, kanuni za mashindano ziseme. Na kanuni za ligi ya wilaya na ya mkoa nani anaziandika? Ni nyie. Kule Brazil mwaka 2014 ilifika mpaka mahakama ya kazi ikaamuru mapumziko yafanyike joto likivuka kiwango, na nimependa kwamba ilikuwa mahakama ya kazi, maana wale waliokuwa uwanjani walikuwa kazini na refa nae yupo kazini. Kiwango chenyewe ni nyuzi 32 kwa kile kipimo kinachojumlisha joto la hewa, unyevu, jua na upepo, na unyevu ndo umebebeshwa uzito mkubwa kuliko vyote, kwahiyo msiangalie simu mkaona nyuzi 31 mkasema bado. Kombe la Dunia la 2026 FIFA wameamua kila mechi iwe na dakika 3 za maji kila kipindi, bila kujali hali ya hewa. Sisi hatuna kifaa cha kupimia, sawa, basi andikeni tu kwamba Disemba mpaka Machi mechi yoyote inayoanza kabla ya saa kumi na nusu ina mapumziko ya maji kila kipindi, refa asilazimike kubembeleza makocha.

Na hapa nakuja kwenye saa za mechi, jambo ambalo haligharimu hata shilingi. Mnapanga mechi mbili uwanja mmoja, saa nane na saa kumi, na waamuzi wale wale, aliyekuwa kati ya kwanza anashika kibendera ya pili. Mechi ya saa nane mwezi wa Februari kwenye uwanja wa vumbi usio na mti hata mmoja. Kwenye nyasi bandia ndo balaa zaidi, kapeti linashika moto kuliko nyasi za kawaida na ule moto unaupata kuanzia nyayo. Sababu mnayotoa ni kwamba taa hakuna na giza linaingia. Lakini angalieni jua lenyewe, mwezi wa sita Dar linazama kama saa kumi na mbili na robo, mwezi wa pili linazama kama saa kumi na mbili na dakika 45, yaani kipindi cha joto kali ndo tuna nusu saa zaidi ya mwanga jioni, na ratiba zetu haziitumii kabisa. Mechi moja iende saa mbili asubuhi na nyingine saa kumi na nusu jioni, zote zinaisha kwa mwanga, na mashabiki wa jioni watakuwa wengi zaidi kwasababu watu wametoka kazini.

Mwezi wa Ramadhani miaka hii unaangukia kipindi hicho hicho cha joto. Refa aliyefunga hawezi hata kusukutua anaogopa. Naombeni aulizwe mapema, akiomba apangwe asubuhi au apumzike wiki hizo asionekane mkaidi wala asikatwe kwenye orodha ya kupanda daraja.

Jezi sitasema mengi. Tupatiwe rangi nyepesi, nyeusi jua la saa nane inavuta joto lote, na kitambaa kiwe chepesi cha kupitisha hewa, na angalau mbili mbili ili haftaimu mtu abadilishe. Zile nzito zikishalowa zinakwangua kwapa na mapaja mpaka mtu anatembea kwa kuchechemea siku ya pili, na huyo huyo ana mechi nyingine.

La kuzidiwa ndo naomba mlichukulie kwa uzito kuliko yote niliyosema. Watu wengi wanaamini aliyepigwa na joto anakuwa amekauka hana jasho. Mtu aliyekuwa anakimbia anaweza kuwa bado anachuruzika jasho na huku mwili wake ndani umefika nyuzi 40. Dalili ya kuangalia ni akili, anajibu vitu havieleweki, anayumba, anakuwa mkali bila sababu, anapuliza filimbi pasipotakiwa, anasikia baridi wakati wengine wanaungua. Hapo mechi isimame, avuliwe jezi, apelekwe kivulini, amwagiwe maji ya baridi mwili mzima mfululizo, barafu shingoni, kwapani na kwenye kinena, mpoze kwanza hapo hapo ndo mumkimbize hospitali, sio kumpakia kwenye bajaji akiwa anachemka mkakwama foleni. Kama hajitambui asinyweshwe kitu. Kwa hiyo kila uwanja uwe na ndoo mbili kubwa za maji na ile barafu ya kipozeo, na kamishna awe na haki kwenye kanuni ya kumbadilisha refa anaeonekana kuchanganyikiwa, na mwamuzi wa akiba apangwe kwa kila mechi ya miezi hiyo, hata kama posho yake ni ndogo.

Kwenye semina zetu kabla ya msimu tunafundishwa mkono wa makusudi, ofsaidi, jinsi ya kujaza ripoti, na kopa testi, ule mtihani wa mbio, tunakimbia alfajiri kwenye ubaridi. Hakuna saa hata moja ya kufundishwa jinsi ya kunywa, kwamba anza na nusu lita kama masaa mawili kabla ya mechi, kwamba ukitoka likizo unahitaji wiki moja mpaka mbili za kuzoesha mwili joto taratibu kabla ya kuchezesha mechi kubwa, kwamba mkojo ukiwa wa rangi ya chai umechelewa. Wekeni mizani moja tu ya kawaida chumba cha waamuzi, mtu apime kabla na baada ya mechi, kila kilo moja iliyopungua ni kama lita moja aliyopoteza, atajua mwenyewe anatakiwa arudishe kiasi gani kabla ya mechi ya kesho.

Kanuni za msimu ujao bado hazijapitishwa kwenye mikoa mingi. Naomba maji ya waamuzi, mapumziko ya dakika 3 na saa za kuanza mechi viingie kwenye ajenda ya kikao cha kwanza cha kamati za mashindano, na waamuzi waitwe wakae kwenye kikao hicho, angalau wawili, mmoja awe mwanamke. Tukiitwa tutakuja.

Mwamuzi wa ngazi ya mkoa,
Ukanda wa pwani